Tulivyonunua jengo la mtu asiyeonekana

Mwenye ardhi ya jengo tunalokaa mimi na jirani alikuwa hapatikani, na kuna ndugu alinishauri arusini kwamba tukae kimya miaka 12, ardhi itakuwa yetu. Ushauri ule nusura unigharimu nyumba. Kanuni hiyo ni ya mvamizi. Mimi naishi kwa mkataba wa mwenye ardhi mwenyewe, ningekaa hata miaka 50 nisipate kitu.

Nakaa Reading, Uingereza, nyumba ya chini kwenye jengo la zamani lililogawanywa kuwa nyumba mbili. Tulichonunua mimi na jirani wa juu ni lizi, yaani haki ya kukaa kwa muda uliowekwa, ya miaka 99 iliyoanza Machi 2003. Paa na kiwanja ni vya mwenye frihodi, yaani umiliki wenyewe wa jengo na ardhi yake. Tanzania pia hati huwa ya miaka 33, 66 au 99, ila kule mwenye ardhi ni serikali, unajua pa kuikuta. Wetu hakuwahi kudai pango la ardhi tangu nihamie. Jengo halikuwa na bima, paa linavujia chumba cha jirani, na benki kila nikipeleka karatasi zinanirudishia.

Na muda ulikuwa unatukimbia. Lizi ikishuka chini ya miaka 80 bei hupanda, kwa sababu mwenye ardhi hupewa nusu ya thamani inayoongezeka mkishanunua. Siku yetu ilikuwa Machi 2022. Sheria ya lizi ya 1993 inawaruhusu watu kama sisi kununua frihodi kupitia mahakama mwenye ardhi asipopatikana, na bei hupigwa kwa tarehe mliyofungua maombi. Jengo likiwa na nyumba mbili, lazima wote wawili muwe pamoja. Tukafungua Januari.

Hakimu hakuridhika. Tulikuwa tumetuma barua mbili tu, kwa anwani iliyoko masjala ya ardhi. Akauliza: je, kama amefariki? Maana hapo wapo wasimamizi wa mirathi, na wao ndio wa kupewa notisi. Wakili akapekua kumbukumbu za mirathi, akamlipa na mtu wa kazi ya kutafuta watu. Hakuna kitu.

Mimi nikaanza kubisha hodi mtaani. Wengi walikuwa wageni kuliko mimi. Mlango wa saba akafungua bibi mmoja, akanisikiliza, akaingia ndani na kurudi na daftari la anwani la jalada jekundu. Kwenye jina la mtu wetu palikuwa na anwani tatu: mbili zimekatwa kwa kalamu ya bluu, ya tatu ni ya Hispania. Alikuwa akimtumia kadi za Krismasi, akaacha kujibiwa. Nikaomba kupiga picha ukurasa ule, akakubali, na baadaye akasaini maelezo kwa ajili ya mahakama.

Wakili aliona najichosha. Nikatuma barua ya rejista Hispania. Baada ya wiki saba ikarudi na mhuri wa posta ya kule, imewekwa alama kwamba mwenyewe hajulikani. Sikuifungua! Niliitia kwenye mfuko wa plastiki, ikaenda mahakamani vilevile ilivyo. Safari hiyo hakimu alitoa amri.

Bei ilipangwa na baraza la mali, chombo cha kisheria kinachoamua mambo ya nyumba na ardhi, kwa ripoti ya mthamini wetu: pauni elfu kumi na mbili na kitu kwa nyumba zote mbili. Wakili, mthamini na ada zikala karibu kiasi hichohicho, jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha. Fedha ya bei tuliilipa mahakamani, inamsubiri akitokea, na mahakama ikasaini hati ya uhamisho kwa niaba ya mwenye ardhi. Kama mwenye ardhi wako ni kampuni iliyokwisha kufutwa, usifuate njia hii. Mali yake huwa imeangukia kwa Taji, yaani dola ya Uingereza, utazungumza na ofisi ya serikali.

Sasa jengo lina majina yetu mawili, na tumejiandikia lizi za miaka 999. Bima tulikata siku hiyohiyo. Wiki iliyofuata fundi alipanda paani. Vigae vilivyovunjika vilikuwa kumi na kimoja.