Nilivyotua na ndege ufukweni Copalis bila kuvunja sheria

Kwa miaka miwili nilikuwa naambiwa mambo mawili, na yote hayakuwa kweli. Marubani wenzangu hapa Auburn, jimbo la Washington, nusu yao walisema ufukwe ni mali ya umma, tua popote mchanga unapokubali. Nusu nyingine walisema ukithubutu tu, leseni imekwenda. Hakuna aliyekuwa amefungua kanuni akasoma. Mimi mtoto wa Tanga, nimekulia mchangani, nilitaka kutua kando ya mawimbi, na nilitaka nikiulizwa niwe na jibu.

Nilisoma mwenyewe. FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, haina kanuni inayokataza ndege ndogo kutua nje ya uwanja. Inakudai usirushe ndege kizembe, na mahali pasipo na watu wengi usipite karibu na mtu, gari au chombo kwa chini ya futi 500, isipokuwa pale unapolazimika kwa kuruka au kutua. Ila FAA inatawala hewa, mchanga una mwenyewe. Kabla ya yote uliza ufukwe ni wa nani, na mwenyewe kasema nini. Kaskazini kuna Hifadhi ya Taifa ya Olympic, humo hutui ila palipotengwa. Kusini yake ni nchi ya Waquinault, kabila la wenyeji asilia wa huku, waliofunga fukwe zao kwa wageni mwaka 1969, na ni haki yao. Fukwe za bahari zilizobaki, jimbo haliruhusu ndege, isipokuwa kipande kimoja: Copalis, kati ya mdomo wa mto Copalis na majabali ya Copalis Rocks. Hicho idara ya uchukuzi ya jimbo inakihesabu kuwa uwanja wa ndege kamili, una alama yake S16 na umo kwenye ramani za anga. Njia ya kurukia ni mchanga mtupu, na maji yakijaa haipo.

Klabu niliyokuwa nakodi ndege ilikataa, mkataba wao unataka lami. Nikampata mzee mmoja mwenye Cessna 172, ndege ndogo ya viti vinne, ambaye bima yake haikusema kitu kuhusu mchanga. Mimi sikuridhika na huko kunyamaza, nikamwomba ampigie wakala, tukapata jibu kwa maandishi. Fanyeni hivyo hivyo. Mafuta na shukrani ya mzee, kama dola mia tatu na kitu kwa safari.

Safari ya kwanza ilikuwa Julai. Nilimpigia mjomba wangu Tanga, amevua samaki maisha yake yote.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Unataka mchanga mpana? Ngoja mwezi mpevu. Bamvua litakutandikia. Siku za maji mafu usijisumbue."

Nikangoja mwezi mpevu, wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku zote; maji mafu ni kinyume chake. Asubuhi nilikuwa kazini, nikasema haidhuru, maji yatapwa tena jioni. Kwetu Tanga maji hupwa mara mbili kwa siku, na kupwa kwa jioni hakupitani sana na kwa asubuhi. Tukaruka, jua linashuka, nimevaa hadi shati nililolitunza kwa siku hiyo. Tulipofika juu ya Copalis nikadhani nimekosea mahali. Ufukwe ulikuwa utepe tu. Povu linapanda karibu na matuta ya mchanga, na sehemu kavu iliyobaki ni ile nyeupe, laini, yenye magogo yaliyotupwa na bahari. Nilizunguka mara tatu nikitumaini. Mzee hakusema neno, nami nikageuza pua ya ndege kurudi mashariki.

Usiku nikakaa na jedwali la maji. Asubuhi ile bahari ilikuwa imeshuka futi moja chini ya sifuri ya jedwali. Jioni iliishia karibu futi tatu juu yake. Pwani hii ya Pasifiki kupwa mara mbili kwa siku hakulingani, na wakati wa kiangazi kule kukubwa ni kwa asubuhi. Nilipomsimulia mjomba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi bahari hiyo ina mikono miwili, na mmoja mrefu."

Asubuhi nazo zina ukungu. Bamvua mbili zilipita nikitazama picha za mawingu. Mwishoni mwa Agosti anga ikafunguka.

Nilikuja kwa upande wa nchi kavu, kwa sababu baharini ni eneo lililohifadhiwa, na ndani ya maili moja ya baharini kutoka ukingo wake wa pwani hutakiwi kuwa chini ya futi 2,000. Juu ya mto niliona mierezi ya kijivu iliyokufa wima. Nchi ilizama kwa tetemeko la Januari 1700, maji ya chumvi yakaingia mizizini, na wimbi la tetemeko hilo lilifika hadi Japani.

Nilipita mara moja kutazama watu, mbwa, magari na magogo. Mchanga mweupe ni laini, unaong'aa umelowa mno, unaoutaka ni mkanda mweusi wa katikati. Kisha ikaja hila ya mzee, ambayo ningeilipia. Gusa magurudumu ya nyuma mchangani bila kupunguza injini, paa tena, zunguka, uangalie alama ulizoacha. Zikijaa maji, nenda nyumbani. Zangu zilikaa kavu, mistari miwili iliyonyooka.

Nikatua nikielekea kaskazini, upepo wa baharini ukinipiga ubavuni, bawa la kushoto nimelilaza upande wake, gurudumu la mbele nimelishikilia juu hadi lilipochoka lenyewe. Breki sikugusa. Ilikuwa bado saa nzima kabla ya maji kufika mwisho wa kupwa, kwa hiyo muda ulikuwa wangu. Mama mmoja mwenye mbwa akaja kuuliza kama tunaruhusiwa. Nikafungua ramani, nikamwonyesha kwa kidole.

Tulikaa dakika arobaini. Tuliporudi tuliosha ndege kwa maji baridi, magurudumu na breki kwanza, chumvi haina subira na chuma.

Mjomba nilimtumia picha ya zile alama za magurudumu. Akaikuza, akaitazama sana.

"Mchanga mgumu huo," akasema. "Wa kuchezea mpira."