Sehemu ya 13 ninayo mimi

Naandika hadithi za mfululizo, zile za kukatia patamu na kuachia "itaendelea". Sehemu 12 za mwanzo natoa bure. Anayetaka mwisho analipa shilingi 1,000, namwingiza kwenye kundi la WhatsApp.

Mwaka juzi msomaji wangu akanitumia kiungo: "Dada, mbona hadithi yako iko huku kwa jina la kaka mwingine?" Nikafungua. Ni yangu neno kwa neno, hata "Msasnai" niliyokosea badala ya Msasani ilikuwemo. Kilichobadilika ni jina la mtunzi na namba ya kulipia. Admini wa ukurasa ule akanijibu kwamba skrinishoti kila mtu anatengeneza, na mwenzangu naye ana zake. Hadithi ile ikaenda hivyo hivyo.

Mdogo wangu, mtu wa kompyuta, ndiye aliyenionyesha OpenTimestamps, huduma ya bure ya kugonga faili muhuri wa tarehe, iliyoanzishwa na mtaalamu wa kompyuta Peter Todd. Hununui sarafu yoyote ya kidijitali. Unaipa faili, linakokotolewa kwa kanuni ya hesabu iitwayo SHA-256, inatoka alama ya herufi na tarakimu 64, mfano wa dole gumba. Hadithi yenyewe haitoki kwenye laptopu yako. Alama inaunganishwa na za wengine, na kinachopatikana kinaingizwa kwenye bloku ya Bitcoin, yaani ukurasa mmoja wa daftari la wazi la sarafu hiyo ya kidijitali (daftari lenyewe ndilo blokucheni), ambako kurudisha tarehe nyuma haiwezekani. Wewe unabaki na kifaili cha .ots, ndicho uthibitisho wa muhuri wako. Haukamiliki papo hapo muhuri huo; mimi huuacha mpaka kesho yake.

Mara ya kwanza niliharibu. Baada ya kugonga muhuri nikalifungua faili, nikafuta nafasi moja iliyozidi kati ya maneno mawili, nikahifadhi. Kwenda kuhakiki, linakataa. Nafasi moja tu, jamani! Siku hizi natoa PDF, najitumia kwa barua pepe pamoja na .ots yake, na siigusi tena.

Kitu kilichonichukua muda kuelewa ni kwamba muhuri hausemi nani kaandika. Unasema faili hili lilikuwepo kabla ya saa fulani, basi. Mwizi naye anaweza kukopi posti yangu na kuigongea wake. Ndiyo maana sasa namaliza hadithi nzima kwanza, naweka jina langu ukurasa wa mwanzo, nagonga muhuri, halafu ndipo natoa sehemu ya 1.

Huko China, Mahakama ya Intaneti ya Hangzhou ilipokea ushahidi wa blokucheni kwenye kesi ya hakimiliki mwaka 2018. Mimi sikuwa na mpango wa mahakama. Niliyetaka kumridhisha ni admini, na mwaka huu nafasi ikaja, maana alitokea mwizi mwingine, ukurasa mwingine.

Safari hii sikubishana. Nilimpelekea admini PDF ya sehemu zote 34 na .ots yake, nikamwomba ahakiki mwenyewe kwenye tovuti. Tarehe iliyotoka ilitangulia sehemu ya 1 kwa wiki tatu. Nikamwandikia: "Kaka, sasa mwombe huyo bwana akutumie sehemu ya 13."

Jioni ile posti zikashushwa. Hela alizokusanya sikuziona. Wasomaji wanne waliokwisha kumlipa wakanifuata inboksi kuuliza kama watalipa tena. Nikawaingiza kundini bure, na mmoja wao ndiye anayenisumbua kuliko wote kwamba nachelewesha sehemu.