Tiketi wanalipa wao, wali samaki analipa nani?

Saa tano usiku, Terminal Three pale Dar, nimesimama na karatasi ya A4 niliyoandika jina la profesa kwa maka pen, simu ya dereva wa chuo haipatikani, na mgeni ndo huyo anatoka na mabegi yake mawili anatabasamu. Nikamkaribisha, ningefanyaje. Gari ni IST yangu, mafuta nimeweka mwenyewe, na usiku ule alilala lodge ya Kipawa kwa elfu sitini yangu pia, maana chuo chetu kiko mkoani na mtu aliyekaa kwenye ndege siku nzima huwezi kumuunganisha na barabara usiku uleule. Hii ilikuwa mwezi wa tano 2022, na sijui kwa nini nimekaa nayo miaka yote hii bila kuiandika.

Watu wengi, hata wahadhiri wenzangu, wanadhani akija profesa wa Marekani kupitia Fulbright, ule mpango wa serikali yao wa kubadilishana wasomi, basi Wamarekani wamemaliza kila kitu. Wapi. Kuna Fulbright za aina nyingi, kuna ile ya mtu kuja kukaa semista nzima au mwaka, na kuna hii ya Specialist ambayo anakuja wiki mbili mpaka sita kwa kazi maalum, kwa mfano kuwasaidia kupitia mtaala au kuwafundisha walimu kitu fulani. Mgeni wetu alikuja na hii ya pili. Serikali yao inalipa tiketi na posho yake, ila malazi, chakula na usafiri wa ndani ni juu ya chuo kinachompokea. Haijafichwa popote, iko kwenye fomu ya maombi na mtu wa chuo anaisaini. Kwetu alisaini mkubwa mmoja, tukapiga na picha. Kusaini haina gharama bana.

Gharama ilianza nilipopeleka dokezo la kuomba hela. Bursa akalisoma taratibu, akavua miwani, akaniuliza, "Mwalimu, hii ni kasma ipi?"

Kwa ambao hamfanyi kazi serikalini, kasma ni kile kifungu kwenye bajeti, na hela isiyo na kasma hata kama ipo haipo. Idara yetu ina kasma ya shajala, ya mitihani, ya matengenezo, hadi ya chai ya vikao. Ya mgeni kutoka nje haina. Na ni mwezi wa tano, mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, hata hizo kasma zilizopo zilikuwa zimebaki vumbi tu. Nikaambiwa maneno ambayo kila mtumishi wa umma anayajua, "we tumia kwanza, tutakurudishia". Masurufu yenyewe, yani hela unayopewa ya kazi halafu unaitolea hesabu, yalitoka wiki ya tatu, na mgeni alikuwa wa wiki nne.

Basi nikafikiri nimepona, kumbe bado kuretaya, yani kuonyesha kwa risiti hela ilivyotumika. Masurufu usiporetaya yanakatwa kwenye mshahara, na kuretaya kunataka risiti za EFD, zile za mashine ya kodi. Sasa huyu profesa, mama wa miaka sitini na kitu, siku ya pili tu alikataa hoteli, akasema anataka kula wanapokula wanafunzi. Tukaenda kwa mama ntilie nyuma ya hosteli, wali samaki elfu nne, na kachumbari anaongezewa bure maana alikuwa anamsalimia mama "shikamoo" na mama anakufa kwa kicheko, anamwambia "mama we, mimi ndo nikuamkie wewe". Alikula pale karibu kila siku. Nikamuomba mama ntilie aniandikie, akachana karatasi ya daftari la mwanae la hesabu, akaandika "wali samaki 4,000 x 2" na sahihi yake chini, tena nzuri kuliko ya kwangu. Mhasibu aliirudisha. Akanionyesha na mfano wa risiti inayokubalika, ya hoteli moja mjini, bufee 35,000 kwa kichwa. Yani ningempeleka mgeni kula kwa 35,000 nisingekuwa na shida yoyote, ila kwa sababu nilikula naye kwa elfu nne hela ikawa imepotea. Bodaboda vilevile, bajaji vilevile. Mwisho wa siku niliingia kwenye mshahara wangu kama laki tatu na ushee, mbali na zile elfu sitini za Kipawa ambazo sikuthubutu hata kuziomba.

Sio kwamba programu zote ziko hivyo. Wanaokuja kufundisha kwa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya, wanakuja na hela yao ya kujikimu kutoka chuo chao cha Ulaya, nilizoziona mimi zilikuwa yuro 180 kwa siku, wanakaa kuanzia siku tano hadi miezi miwili na wanatakiwa wafundishe angalau saa nane kwa wiki. Hawa kila mtu anawagombania, na ndo maana utaona kwenye korido wageni wa wiki moja moja wanapishana, wa kukaa mwezi akafanya kazi ya maana hamtaki mtu kwa sababu huyo ndo mwenye bili. Kuna pia ile ya Carnegie ya wasomi wa Kiafrika walioko Marekani na Kanada, ilianza 2013 na Tanzania tulikuwemo, siku 14 hadi 90, tiketi na posho walikuwa wanatoa wao halafu chuo kinaombwa kichangie malazi na chakula. Hapo nako ni stori ileile tu, tena huyu ni ndugu yetu, anarudi na kiswahili chake, anategemea walau chumba.

Na usisahau kibali. Mgeni akija kutoa mihadhara ni jambo moja, akisema anataka na kuhoji wakulima kidogo, huo ni utafiti, na utafiti unataka kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na miaka ile zilikuwa dola 50 za maombi na dola 300 za kibali chenyewe, halafu kuna mambo ya uhamiaji. Nimewahi kuwa na Mjerumani mmoja aliyejua hilo wiki moja kabla ya kupanda ndege. Alidhani barua yetu ya mwaliko inatosha. Alilipa mwenyewe, hakulalamika, mimi ndo niliona aibu kwa sababu barua ile niliiandika mimi.

Kuna mzee mmoja mstaafu jirani yangu, alisoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka ile, nilipomsimulia alinishangaa sana. Kwao kina Walter Rodney, yule mwanahistoria wa Guyana, walikuwa ni watu wanaoishi palepale. Rodney alikuja 1966, akaondoka, akarudi 1969 mpaka 1974, Mahmood Mamdani, msomi wa Uganda, naye akaja 1973 akakaa mpaka 1979. Ni kweli wale walikuwa waajiriwa, huwezi kulinganisha moja kwa moja na mgeni wa wiki nne, ila mzee alinigusa pale aliposema, "Sisi mgeni tulikuwa tunampa ufunguo kwanza, barua baadaye." Nyumba. Kumbe shida yetu kubwa hata sio hela taslimu, ni chumba. Chuo chetu kina gesti yake, vyumba kumi na mbili, na hivi viwili vya mwisho upande wa mwembe vimejaa viti vibovu toka nimeajiriwa. Kwenye hizi programu chumba chenu wenyewe kinahesabika kama mchango, hakitaki EFD wala dokezo. Viwili tu vikitolewa viti na kuwekwa neti na feni, nusu ya bili imekwisha. Halafu mgeni aalikwe mwezi wa kumi na moja hela ikiwa bado ina joto, sio Mei. Na hiyo kasma iingizwe wakati ule wa kukusanya bajeti za idara, wakati ambao kiukweli wengi wetu tunakopi ya mwaka jana na kubadilisha tarehe. Nami nimo.

Wiki iliyopita profesa kaniandikia imeili. Anataka kurudi na wenzake wawili, anamsalimia sana mama ntilie. Nikaipeleka kwa mkuu wa idara, ikarudi ndani ya dakika kumi, haijawahi kutokea, imeandikwa "Wazo zuri sana. Kwa utekelezaji." Nimemjibu mkuu WhatsApp kwa heshima zote nikimuuliza kasma. Leo siku ya sita, tiki mbili za bluu, kimya.