Miezi miwili nakufa kwenye Shovel Knight, kumbe tatizo ni tivii

Mtu akikwambia hupiti steji kwa sababu umezeeka, usimkubalie mpaka kwanza uipime tivii yako. Mimi niliambiwa hivyo miezi miwili mizima, barzani, nyumbani, hadi mpwa wangu wa darasa la sita ananambia "mjomba nipe mimi", na roho ikiniuma kwelikweli kwa sababu hizi gemu za kurukaruka za mtindo wa zamani nazipenda.

Nipo Mwanakwerekwe, Unguja. Sie ni wale tuliokuwa tukitoka chuoni (madrasa) jioni tunakimbilia nyumba yenye tivii gemu, kaseti imeandikwa gemu mamia ukiwasha unakuta kumi tu zinajirudia. Contra ndo ilikuwa yetu. Juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A, unapata roho 30, na mtaa mzima hakuna mtoto asiyeijua. Sasa ukiwa umekulia humo halafu ukaja kuiona Shovel Knight, gemu ya shujaa anayepigana kwa beleshi, huwezi kuiacha. Ilitoka 2014, walioitengeneza ni Yacht Club Games wa Marekani, mwaka kabla yake walichangisha watu kwenye Kickstarter, mtandao wa kuchangia miradi, wakapata zaidi ya dola 300,000, na mimi nasema kila dola inaonekana. Ukiitazama ni kama ile mashine yetu ya zamani lakini ubaya wake wameutoa. Mnakumbuka maadui wakiwa wengi kwenye mstari mmoja wanaanza kupepesa, wengine wanapotea? Mashine ile ilikuwa haiwezi kuchora zaidi ya vipicha 8 kwenye mstari mmoja wa skrini, basi. Huku hakuna hiyo. (Kampuni ya Capcom walipotoa gemu yao ya Mega Man 9 mwaka 2008 wao wakaweka hadi sehemu ya kuwasha kule kupepesa makusudi, kwa anayekutaka, mimi sikutaki.)

Halafu roho hazihesabiwi. Ukifa unadondosha pesa zako, mifuko inabaki inaelea pale ulipofia, ukitaka uirudie. Na vile vituo vya kuanzia, ukifa unaanzia pale, ukiamua unakivunja kwa beleshi unapata pesa ila ukifa hakikusaidii tena, kwa hiyo kila ukikiona unasimama kwanza unajiuliza nafsi yako. Hapo ndo nilipoipenda. Hakuna anayekulazimisha kuteseka, unachagua mwenyewe.

Basi nikaenda vizuri mpaka kwa bosi mmoja, Propeller Knight. Steji yake ni meli ya angani, upepo unakusukuma, chini hakuna kitu, na kuna panya waliofungwa pangaboi kichwani inabidi uwadunde kwa beleshi mmoja baada ya mwengine mpaka uvuke. Nikawa nadunda wa kwanza, wa pili, wa tatu naanguka. Kila siku. Nabonyeza kabisa, kidole kimeshafika, mtu wangu karuka baadae. Mara nyengine nikivuka nafika kwa bosi mwenyewe, anapuliza upepo, meli zake zinakuja kutoboa sakafu kwa mabomu, na mimi huyo nishatumbukia.

Ushauri sasa. Mmoja akanambia pedi ya kuchezea imekufa, nenda mjini kanunue isiyo na waya. Nikenda Darajani nikatoa kama elfu sitini hivi na kitu, muuzaji ananihakikishia hii ndo wanayotumia mabingwa, nikafika nyumbani ikawa mbaya zaidi! Siku ile sikuelewa, sasa naelewa, pedi ya bluetooth nayo inachukua muda wake kupeleka taarifa, kwa hiyo nilikuwa nimeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa kwa pesa yangu. Mwengine akasema laptopu haina nguvu. Gemu yenyewe hiyo laptopu ya ofisi ya zamani inaicheza bila shida, tafadhalini jamani, mtu kama hujui sema sijui.

Jibu likaja usiku mmoja baada ya Isha. Nipo kwenye tivii, laptopu imeunganishwa kwa waya wa HDMI, tukuza (umeme wa kulipia kabla) ikaisha. Tivii pa, ikazima. Laptopu ina betri ikaendelea, na gemu bado inakwenda, nikaona kuliko kukaa kizani ngoja nimalizie kwenye kile kioo kidogo, na pedi yangu ile ya zamani ya waya. Panya wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, nikavuka! Nikarudi nyuma makusudi nikavuka tena. Mara tano, kizani, peke yangu. Mikono yangu haina tatizo, wallahi nilitamani niwaamshe wote walioniambia nimezeeka.

Asubuhi nikaweka umeme nikafanya kipimo ambacho naomba mukishike kwa sababu hakina gharama hata ya shilingi. Laptopu na tivii ziweke zionyeshe picha moja, fungua saa ya kuhesabia yenye milisekunde, kaa mbali kidogo simu iwaone wote wawili, piga picha. Usipige moja, piga kama kumi, nyengine namba zinachorekana juu ya namba, hizo tupa. Yangu laptopu ilikuwa ikisema sekunde 12 na 480, tivii inasema 12 na 350. Milisekunde 130 nyuma! Hizi gemu zinakwenda fremu (yaani picha) 60 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 16 na kitu, ina maana mimi nilikuwa naona mambo yaliyotokea kama fremu 8 nyuma, halafu nadaiwa niruke kwa wakati. Ile tivii ya kichogo ya utotoni ilikuwa inachora mstari kwa mstari kadiri picha inavyokuja, haikai nayo. Hizi bapa zinaishika picha kwanza, zinailainisha, zinaipamba, ndo inakutolea.

Dawa ipo kwenye menyu ya picha, imeandikwa Game Mode, kuna tivii nyengine unakuta inabidi uibadilishe HDMI jina uiite PC. Nilipowasha nikapima tena ikashuka mpaka kama 30. Propeller Knight kafa jioni ile ile, jaribio la tatu.

Ila sasa nna ugomvi na watengenezaji. Mnatuletea ugumu uliopimwa kwa tivii za kichogo, nyie mnajua fika tuna bapa, na gemu nyingi haziandiki popote mtu aangalie hilo. Celeste ya 2018 angalau ina huruma, ukishatoka ukingoni bado inakupa kijimuda kidogo uruke, huioni lakini mkono unaisikia. Cyber Shadow ya 2021 ninaipenda kwa ninja wake na rangi zake, lakini ukiguswa na adui unarushwa nyuma moja kwa moja shimoni, kama zile za zamani, na huo mimi siuhesabu kuwa ni ugumu, ni ubaya ule ule ambao tulishaachana nao, kwa nini mtu aurudishe?

Jengine, Game Mode inapausha picha kidogo, Bi mkubwa siku ya pili aliuliza nani kaichezea tivii, tamthilia yake imepauka. Kwa hiyo iwasheni kwenye HDMI ya laptopu peke yake, king'amuzi kiacheni kama kilivyo, tivii yangu inakubali kila tundu liwe na mpangilio wake. Pedi isiyo na waya ipo kabatini, anayeitaka kwa kuangalia filamu akiwa kitandani nampa kwa elfu thelathini.