Redio Juu ya Friji

Juzi jioni binti yangu alinipigia simu kutoka Nakuru. Saluni yake ina miezi mitatu tu, na tayari watu wa leseni ya muziki wamempitia. "Baba, kweli nilipe? Kituo cha redio si kimeshalipa chenyewe?" Nyuma yake draya ilikuwa ikivuma na wanawake wakiimbia pamoja na redio. Nikamwambia nina wageni, nitampigia baadaye. Sikuwa na mgeni yeyote.

Maneno hayo, karibu neno kwa neno, niliyasikia Kondele, mtaa wa Kisumu, mwaka 2011, siku ile ya redio.

Nilikuwa bado nahudumu hotelini, zamu ya asubuhi. Wimbo ulikuwa na mwaka mmoja na kitu hewani. Maneno yalikuwa yangu, na sauti yake niliitafuta mwenyewe usiku kwa gitaa lenye nyuzi nne. Aliyeuimba ni mwingine, na mtangazaji kila mara alimtaja huyo mwingine. Halikuniuma sana. Kwenye fomu ya usajili nafasi ya mtunzi ilikuwa na jina langu, na mirabaha ya mtunzi, yaani malipo ya wimbo wake kutumika, hufuata fomu, haifuati mdomo wa mtangazaji.

Ilikuwa kama saa nne. Nimebeba chapati madondo za meza ya dirishani, redio juu ya friji ikaanza lile gitaa la mwanzo. Hata leo nikilisikia shingo husisimka. Beti ya kwanza ni mama yangu anaamka saa kumi alfajiri kwenda soko la Kibuye na beseni la omena. Beti ya pili anarudi. Alikuwa hajarudi bado pale wanaume wawili walipoingia, vitambulisho shingoni, mmoja na faili ya kijani kwapani.

Mama mwenye hoteli aliwajua kabla hawajasema. Alinyoosha mkono nyuma ya friji akachomoa plagi. Friji ikanyamaza, redio ikanyamaza, na mama yangu akabaki katikati ya barabara na beseni kichwani.

"Hapa mnapiga muziki?" aliuliza mwenye faili.

"Hiyo ni ya kusikiliza habari tu. Na redio yenyewe wameshalipa, mimi nilipe tena kwa nini?"

Yule bwana alimweleza kwa upole, sitamsingizia. Kwamba redio hulipia kurusha, na mwenye biashara hulipia kuwachezea wateja, ni matumizi mawili. Kwamba ndani ya wimbo mmoja mna haki ya mtunzi, ya waimbaji na wapigaji, na ya aliyegharimia kurekodi. Alisema vizuri kuliko nilivyowahi kusikia mtu akisema. Nilitamani kuweka sahani chini nimwambie, mzee, huyo mtunzi unayemsema ndiye huyu mwenye aproni.

Kisha akanigeukia. "Kijana, wewe ndiwe uko hapa siku nzima. Muziki hupigwa?"

Mama mwenye hoteli aliniangalia. Alikuwa amenilipia kodi ya nyumba Januari ile, na mtoto wangu darasa la pili alikula chakula cha mchana jikoni kwake kila siku bila kuandikwa deni.

"Ni habari tu," nikasema.

Aliandika kitu kwenye karatasi, akaichana, akaiacha kaunta. Na alipokuwa akiandika, mimi nimesimama naye bega kwa bega, alikuwa akikivumisha puani kile kibwagizo. Hakujua anafanya hivyo. Aliushika wimbo pale plagi ilipoukatia, akamleta mama yangu hadi mlangoni, wakatoka.

Friji ilipowashwa wimbo ulikuwa umeisha, wanasoma matangazo ya vifo. Baada ya zamu mama mwenye hoteli alinitilia shilingi 200 mfukoni mwa aproni. "Asante, mwanangu." Zilikuwa pesa za kwanza kabisa kuniingia mkononi kwa ajili ya wimbo ule.

Mirabaha yenyewe ilikuja baadaye, mara mbili, kidogo. Nilikwenda ofisi ya mirabaha kuuliza nikaelezwa kwamba hoteli haziandiki zimepiga nyimbo gani, kwa hiyo fedha zake hugawanywa kwa kutazama orodha za vituo vya redio, na orodha nyingine haziletwi kikamilifu. Nililielewa. Lakini nilipokuwa nikishuka zile ngazi nilikuwa nahesabu hoteli, baa na kinyozi zote kutoka Kondele hadi stendi, na katika kila moja nilimwona kijana amesimama na sahani, anasema ni habari tu.

Mama yule wa hoteli alifariki 2017. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na ningelibeba tena.

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaulinda wimbo maisha yangu yote na miaka 50 baada ya hapo. Maana yake sehemu kubwa ya umri wake utakuwa mali ya binti yangu, yule aliyekula jikoni mle. Siku ile alikuwa shuleni. Sijawahi kumsimulia.

Asubuhi hii nimemtumia shilingi 2,000 kwa M-Pesa, bila maelezo. Amejibu papo hapo: "Za nini, Baba?"