Mguu Mmoja

Juzi binti yangu alinijia na wembe mpya, bado uko kwenye karatasi yake, akauliza kama ni kweli nywele za miguu ukizinyoa zinarudi nene. Nikamwambia hapana. Mildred Trotter, mtaalamu wa anatomia wa Marekani, alilichunguza jambo hilo mwaka 1928 akakuta wembe haubadili unene wala kasi ya kuota. Unakata juu tu, unaacha kisiki butu, ndiyo maana kinakwaruza. Mzizi chini huko hauna habari.

Hakuuliza kuhusu sukari ya kung'olea nywele. Mimi ndiye niliyeikumbuka.

Zamani hizo, ilikuwa kesho dada yangu mkubwa anaolewa, nami ndiye wa kusimama naye, gauni likiishia magotini. Kuhusu miguu yangu akaamua yeye. Sukari, maji na ndimu vikachemshwa hadi vikageuka rangi ya asali, vikapoa kidogo, nikaambiwa nikae sakafuni ninyooshe mguu. Akapaka kufuata nywele zinakoelekea, akabandika kitambaa, akawa anakipapasa kwa kiganja huku akinisimulia ugomvi wake na watu wa mapambo. Nikanogewa na ule ugomvi. Katikati ya sentensi akavuta, kinyume na nywele zilikolalia.

Sikupiga kelele, pumzi ilinikatika. Aliweka kiganja palepale akakandamiza, na maumivu yakazimika upesi kuliko nilivyotarajia. Nikakichukua kile kitambaa. Nywele zangu zilikuwa zimelala humo, zote upande mmoja, kila moja na kitone cheupe mwishoni. Kwenye ngozi, pale zilipong'oka, vidoa vyekundu vikaanza kujitokeza kimoja kimoja. Nilivikodolea macho hadi dada akanikumbusha kwamba sukari inaganda.

Alipomaliza mguu wa kulia, nikaukunja wa kushoto.

"Huu nauacha."

"Umeogopa?"

"Wala. Nauacha tu."

"Utatoka hivyo mbele za watu?"

"Hivyo hivyo, dada."

Nikatoka hivyo. Shangazi peke yake ndiye aliyeona, akanivuta pembeni kuniuliza kama huo ndio mtindo wa siku hizi. Nikamwambia ndiyo, shangazi.

Baada ya wiki kadhaa mguu wa kulia ukaanza kuota tena, ncha zikiwa laini. Nywele nyingine zikajikunja chini ya ngozi zikawa vipele. Tangu hapo miguu siigusi. Kwapa nanyoa. Mpaka huo niliuweka kwa kanuni gani, sijui. Ningesema usafi, ila maji na sabuni navyo vinafanya kazi hiyo.

Dada yeye alihamia kwenye leza, mwanga unaochoma mizizi ya nywele. Miguu yake ni laini hadi leo, lakini kidevuni zimemtoka nywele chache nyeupe, na leza hufuata rangi, nyeupe haizipati. Hizo ni za kung'oa kwa kibano. Kazi hiyo amenipa mimi, na sifanyi haraka.