Yairo Alipokuwa Akisubiri

Nimesoma tena Marko sura ya 5, kuanzia aya ya 21, na nimeshindwa kusonga mbele. Yairo amenishika.

Habari hii ikihubiriwa, mara nyingi tunabaki na yule mwanamke aliyetokwa na damu kwa miaka 12. Anastahili. Lakini pembeni yake amesimama baba ambaye binti yake wa miaka 12 yu mahututi. Mkuu wa sinagogi huyu amejitupa miguuni pa Yesu mbele ya watu, amesihi sana, amekubaliwa, safari imeanza. Halafu Yesu anasimama katikati ya umati na kuuliza ni nani aliyemgusa mavazi. Hata wanafunzi wanalishangaa swali hilo, maana watu wanamsonga kila upande.

Yairo anasema nini? Marko hamwandikii hata neno moja. Aliyewahi kukesha na mgonjwa wake huku akimtazama daktari akizungumza na mtu mwingine anaijua hali hiyo, jinsi dakika moja inavyokuwa ndefu. Katika Mathayo 9 habari ni fupi: baba anafika binti akiwa tayari amekufa, kwa hiyo kuchelewa hakumwongezei hasara. Marko ametuachia uchungu wote wa kusubiri, nami namshukuru kwa hilo.

Sasa mwanamke. Kwa sheria ya Walawi 15 alihesabiwa najisi muda wote huo, na kitanda alicholalia vilevile. Alikuwa amemaliza mali yake yote kwa matabibu, na hali ikazidi kuwa mbaya. Watu wa namna hiyo tunao: wenye fistula (wanaovuja mkojo baada ya uzazi mgumu), wenye maradhi ya akili, wenye ugonjwa ambao ndugu zao wanautaja kwa kunong'ona. Mwanamke huyo akaja kwa nyuma, aguse tu vazi la Yesu, aondoke. Mwili wake ulipona palepale. Yesu angeweza kuendelea na safari, na kwa hesabu zetu za dharura ndivyo ilivyompasa.

Marko anasema mwanamke alimweleza kweli yote. Kweli ya miaka 12 haiishi kwa sentensi mbili. Aliyekuwa na haraka kuliko wote, mwenye jina na cheo, ilimbidi asimame amsikilize mtu ambaye hata jina lake hatukupewa, mpaka akamsikia akiitwa "Binti". Sisi tumezoea kinyume chake. Mkubwa hupitishwa mlango wa pembeni, na mwenye aibu hubaki mwisho wa foleni bila kuulizwa neno. Naamini Yesu alisimama kwa sababu kupona kwa siri kungemwacha yule mama mpweke kama alivyokuja.

Hata hivyo siwezi kukimbilia kusema kwamba kila kuchelewa kuna heri yake. Habari ya msiba ilifika Yesu akiwa bado anasema. Binti wa Yairo aliinuka, lakini wazazi wangapi wa leo wamefika nyumbani na mtoto hakuinuka? Kuwaambia hao kwamba Mungu ana wakati wake, kisha tukaenda zetu, ni ukatili hata kama maneno ni ya kweli. Ninachokiona ni kwamba waliotoka nyumbani walimwambia Yairo asizidi kumsumbua mwalimu, na Yesu akawahi kumwambia asiogope, aamini tu. Kisha akatembea naye hadi kwake, akaingia chumbani pamoja na baba na mama. Mtoto alipoinuka, akaamuru apewe chakula. Katika mshangao ule, ni yeye aliyekumbuka kwamba mtoto ana njaa.

Kesho nakwenda kwa rafiki ambaye mwanawe amelazwa na majibu hayajatoka. Sitamhimiza avute subira. Nitakaa naye aongee mpaka amalize, na nitabeba chakula, maana najua hajala vizuri tangu walipompeleka.